Puli Isiyonyeshewa

Jambo ambalo ningelikataa ni moja tu: kuiachilia ile puli itoke nyumbani kwetu kabla haijanyeshewa na mvua. Yaliyofuata yote yalitoka hapo. Nilikuwa na nafasi ya kukataa; baba alinipa nafasi hiyo waziwazi, ndugu yangu akisikia. Nami nikajibu, "Kahawa haingoji mvua, baba," kwa sauti ya mtu aliyemaliza kidato cha nne akizungumza na mtu asiyejua kuandika jina lake.

Sasa mimi ni mzee. Kifua changu hukoroma kila asubuhi kama mivuo ya mhunzi iliyotoboka, na daktari anasema ni moshi wa zamani. Nimechoka kulizungusha jambo hili kichwani, na sasa naliandika lilivyokuwa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Boma letu lilikuwa upande wa Wamagana, kule Nyeri, mahali ambapo mashamba ya kahawa yanateremka mpaka mtoni, na kule chini mtoni ndiko kulikokuwa na kiwanda cha kumenya kahawa yetu. Baba alikuwa mhunzi kama baba yake. Watu walimheshimu kwa namna ya kumwogopa kidogo, kwa sababu laana ya mhunzi kwetu si kitu cha kuchezea. Hata walokole waliokataa mambo ya zamani walizunguka mbali na fuawe yake, wasije wakairuka kwa bahati mbaya wakajiletea laana hiyo.

Alifua majembe na mapanga, lakini sifa yake ilikuwa kwenye makali. Alichukua panga lililokwisha kufuliwa, akalilaza ndani ya mkebe pamoja na unga wa makaa na kwato za ng'ombe zilizochomwa, akaufunga mkebe kwa udongo na kuuacha motoni tangu asubuhi mpaka jioni. Panga lilitoka gumu juu na laini ndani, likawa halipindiki wala halivunjiki. "Chuma hula makaa," alituambia. "Kikila polepole hushiba. Kikila haraka hutapika."

Alikuwa na desturi nyingine moja, na hiyo ndiyo ya kisa hiki. Kila alipojaribu kitu kipya, iwe udongo mpya, makaa ya mti mwingine au chuma asichokijua, kifaa cha kwanza hakikuuzwa wala kutolewa bure. Kilitundikwa kwenye ukingo wa paa, pale maji ya mvua yanapochirizikia, kikakaa mpaka msimu wa mvua upite. Baada ya hapo mama alikitumia. Kikimfaa mama, basi watu wengine wangeweza kutengenezewa kama hicho. Utotoni nilidhani kila nyumba ina panga linaloning'inia mlangoni likidondokwa na maji.

Ndugu yangu mdogo ndiye aliyerithi mkono wa baba. Alipiga nyundo kana kwamba anaweka kitu mahali pake, bila nguvu za ovyo. Msimu wa kahawa ulipoanza aliteremka kuendesha mashine kiwandani. Msimu ukiisha alirudi kwenye fuawe. Mimi sikuwa na mkono huo. Nilirudi kutoka shule nikakaa miaka mingi nikitafuta kazi za ofisini, na nilipozikosa nikajenga tanuri nyuma ya kibanda cha baba, nikaanza kusubu sufuria za alumini. Niliyeyusha vyuma chakavu, vipande vya injini na sufuria zilizotoboka, nikamimina kwenye kalibu za mchanga, na siku za soko nikapeleka Karatina. Ndugu yangu alinicheka bila kuchoka.

"Mzee wa sufuria," aliniita, ingawa nilimzidi umri kidogo tu. "Hiyo chuma yako hata jua likiwaka sana inayeyuka. Usiiache nje."

"Na ile yako inakula kutu," nikamjibu.

"Inakula kutu kwa sababu iko hai. Yako imekufa tayari."

Baba alicheka kwa pua, na kicheko hicho kiliniuma kuliko maneno. Kila mtu alijua nyundo kubwa ya baba, ile aliyopewa na babu, ingekwenda kwa ndugu yangu. Sikuitaka nyundo. Nilitaka siku moja wote wawili wakishike kitu nilichokitengeneza na wakose la kusema.

Hapo ndipo alipoingia mwalimu. Alikuwa mtu wa magharibi mwa nchi, mwalimu wa kemia katika shule moja ya mjini Nyeri, akipanga chumba katika mtaa wa Skuta. Alikuja kwangu amebeba sufuria niliyomuuzia mwenyewe, kitako chake kimebonyea ndani.

"Ndugu yangu, hii sufuria yako iko na shida," alisema. "Nyinyi mnatengenezea watu wa kuchemsha githeri. Mimi nikisonga ugali inakunjika kama kofia."

"Punguza unga, mwalimu."

"Nipunguze unga? Mke wangu atarudi kwao."

Tukacheka, nikamtengenezea nyingine nene zaidi, na tangu siku hiyo akawa rafiki yangu. Jumamosi alipanda kuja kwetu, akakaa kwenye gogo karibu na tanuri akinisimulia anayoyasoma. Siku moja alikuja na jarida lililochakaa alilotumiwa kutoka ng'ambo. Akanieleza kwamba wataalamu huko wamegundua mirija ya kaboni, myembamba kiasi kwamba unywele ukiwekwa karibu nayo ni kama gogo zima la mti, na kwamba mirija hiyo ina nguvu kuliko chuma cha pua. Ndoto yao, alisema, ni kuichanganya na metali nyepesi kama alumini, ipate nguvu bila kuongeza uzito.

"Hiyo kaboni ni nini hasa?" nikauliza, ingawa niliwahi kuisoma.

"Makaa. Masizi. Risasi ya penseli. Hata almasi. Ni kitu kile kile, tofauti ni namna kilivyopangwa."

"Kwa hiyo baba anapolisha panga makaa..."

"Anafanya hiyo hiyo, kwa njia yake."

"Basi mimi nitie masizi kwenye alumini."

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Tia! Halafu tupeleke kwa hao wazungu, tuwaambie wametoa jasho bure, mambo yote iko kwa koroboi."

Yeye alikuwa anatania. Mimi sikuwa natania. Nalisema hili kwa sababu baadaye watu walitaka kumlaumu mwalimu, na mwalimu hakuwa na kosa.

Nilianza kukusanya masizi. Nilipanga taa za koroboi chini ya mabati, nikakwangua unga mweusi uliojikusanya juu yake, laini kiasi kwamba ukiupumulia unaruka wote. Mke wangu alilalamika kwamba hata shuka zinatoka kambani zikiwa na madoa. Kuyaingiza masizi kwenye alumini iliyoyeyuka ilikuwa kazi ya kuvunja moyo. Yalielea juu kama povu na kukataa kuzama. Nikayafunga ndani ya vipande vya bati la alumini na kuyasukuma chini kwa ufito wa chuma, lakini yalipanda tena. Mwishowe nilipuliza moto kupita kiasi chochote nilichowahi kukitumia, mpaka alumini ikang'aa rangi ya chungwa, kisha nikakoroga mpaka mabega yakafa ganzi. Hapo ikaonekana kama imekubali. Niliamini imekula.

Nilisubu vipande viwili virefu, kimoja cha alumini tupu na kimoja cha mchanganyiko. Mwalimu alipokuja tulivilaza juu ya mawe na kuvining'inizia mitungi ya maji. Kile kitupu kilipinda. Kile cheusi kilikataa. Nilikipiga tupa, tupa ikateleza.

Mwalimu hakucheka siku hiyo. Alikigeuza mkononi kwa muda mrefu. "Hii ni ajabu," alisema. "Lakini ni moja tu. Tengeneza zingine, tuzivunje, tuone ndani iko namna gani. Inaweza kuwa bahati."

Nilimwambia sawa. Kisha muhula wa tatu ukampeleka kwenye watahiniwa wake, na mimi sikutengeneza nyingine wala sikuvunja chochote. Kipande kile cheusi nilikiweka dirishani mwa chumba changu, kama watu wanavyoweka cheti.

Msimu wa kahawa ulipoanza kushika, ndugu yangu alipanda kutoka kiwandani na gunia begani. Ndani mlikuwa na puli ya mashine, lile gurudumu linalovutwa na mkanda wa injini ili kuzungusha ngoma ya kumenya. Ilikuwa ya chuma cha kusubu, kongwe kuliko sisi, na ilikuwa imepasuka vipande viwili.

"Mzee wa sufuria," alisema, lakini hakuwa na mzaha. "Nyingine inatoka Nairobi, na Nairobi hawajui ni lini. Watu wameshaanza kuchuma. Kahawa ikilala haijamenywa, inaoza. Unaweza kusubu hii?"

Sikumbuki kama kuna wakati mwingine maishani ndugu yangu aliniomba kitu cha kazi. Nilichukua vile vipande na kuviunganisha chini, nikavitumia kutengeneza kalibu. Ningeweza kutumia alumini tupu, nikaifanya puli nene, nikawaambia waitumie kwa uangalifu mpaka ile ya Nairobi ifike. Pengine ingepinda polepole, nao wangeiona inavyopinda. Lakini masizi yalikuwepo kwenye mkebe, na ndugu yangu alikuwa amekuja kwangu. Niliyatia yote. Nilipuliza moto ule mkali, nikakoroga. Sikumwambia. Nilitaka kumwambia baadaye, ile puli ikishamaliza msimu.

Ilitoka nzuri. Niliilainisha kwa tupa siku nzima. Ilikuwa na rangi ya mawingu ya mlimani, na ukiigonga ililia.

Baba alikuja akaitazama. Hakuigusa. Akauliza, "Ndani kuna kitu?"

Ndugu yangu alikuwa mtoni akinawa. Nikasema, "Makaa kidogo, baba. Kama yale unayoyalisha chuma."

"Hii alumini nyeupe siijui," alisema baba. "Labda hula, labda haili. Mimi sijui, na wewe hujui. Itundike."

"Itundike mpaka lini?"

"Mvua zinakaribia. Itundike zipite."

Ndugu yangu alikuwa amepanda kutoka mtoni na kusimama nyuma yetu, mikono ikidondoka maji. Alisikia hilo la mwisho tu. "Kuna nini?" akauliza.

Baba aliningoja mimi niseme. Hapo ndipo penyewe. Ningesema, "Kuna kitu kipya ndani, acha kwanza," ndugu yangu angeondoka na gunia tupu, na kiwanda kingetafuta njia nyingine, kama viwanda vinavyotafuta siku zote. Badala yake nikasema lile neno la kahawa kutongoja mvua. Ndugu yangu akacheka.

"Baba, hii ni puli, si panga la mama," alisema. Akaiinua begani, akashangaa ilivyo nyepesi. "Kumbe wewe ni fundi, bwana!"

Nililala usingizi mtamu. Ni jambo la aibu kulikumbuka, lakini nililala vizuri kuliko siku nyingi.

Puli ilifanya kazi. Nilikuwa nikiteremka kiwandani nikijifanya napita tu, nikaisikia inavyovuma, na akina mama waliokuwa wakichagua kahawa mezani wakaniita fundi. Ndugu yangu alinionyesha kwa kidole: "Huyu ndiye. Msimwite wa sufuria tena." Maji yalikuwa kila mahali mle ndani. Kahawa humenywa ndani ya maji, huoshwa kwa maji, husafiri kwenye mifereji ya maji. Puli ililowa tangu asubuhi hadi jioni, ikakauka usiku, ikalowa tena. Nililiona hilo kwa macho yangu na halikuniambia kitu. Jaribio letu na mwalimu lilikuwa la jua kali, na mitungi yetu ilikuwa imefungwa vizuri, bila tone kumwagika.

Mvua zilianza, kahawa ikawa nyingi. Mchana mmoja kijana wa kiwandani alipanda kilima akikimbia. Puli ilikuwa imepasuka ikiwa katikati ya mbio. Kipande kimoja kilitoboa bati la ukuta. Mkanda uliofyatuka ulimkuta ndugu yangu akiwa amenyoosha mkono wa kulia kurekebisha mlango wa mashine, ukauvuta mkono kwenye meno ya ngoma.

Tulimpeleka hospitali ya mjini kwa gari la kiwanda. Walimkata mkono juu kidogo ya kifundo.

Nilipopata ruhusa ya kumwona, alikuwa akitazama dari. Hakuwa na hasira. Aliuliza polepole, kama fundi anavyomuuliza fundi mwenzake.

"Ilipasuka kama mkate mkavu. Nimeona alumini ikipinda, sijaona ikipasuka hivyo. Uliweka nini ndani?"

"Hakuna," nikasema. "Ni alumini tu. Labda mkanda ulikazwa sana."

Mkanda alikuwa ameukaza yeye. Alifikiri kidogo. "Labda," akasema, akafumba macho.

Na kamati ya kiwanda ilipokuja kumuuliza, hivyo ndivyo alivyowaambia: labda niliukaza sana. Wakaandika hivyo.

Nilimtafuta mwalimu, nikamweleza kila kitu. Ndiye mtu wa kwanza niliyemweleza. Akanifafanulia kwa uchovu, si kama anayefundisha. Alumini haili kaboni kama chuma. Ukiilazimisha kwa moto mkali, zinazaa kitu cha tatu, kigumu na kinachovunjika upesi, na kitu hicho maji hukila. Hata hao wataalamu wa ng'ambo, alisema, hilo ndilo linalowasumbua: mirija yao hujisokota pamoja kama nywele zilizochanuliwa vibaya, na ikipata joto kupita kiasi inageuka. "Na sisi hata mirija hatukuwa nayo," alisema. "Tulikuwa na moshi." Alisema "sisi" kwa wema wake.

Nilikuwa nimekusudia kumwambia ndugu yangu atakapotoka hospitali. Nilijiambia hivyo kila siku. Niliingoja siku nzuri.

Alipotoka, alikuja moja kwa moja nyumbani kwa baba. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi hiyo, na paa lilikuwa bado linadondoka. Alisimama mlangoni akatazama juu. Kwenye ukingo wa paa, palipokuwa mahali pa mapanga ya utotoni mwetu, kilining'inia kile kipande changu cheusi cha majaribio. Sikuwa nimegundua kwamba hakiko dirishani. Baba alikitundika siku ile ile puli ilipoondoka. Alipokosa kilicho kikubwa alichukua kilicho kidogo. Hakuniambia, wala hakujua kingesema nini.

Hakikuwa cheusi tena. Kilikuwa kimevimba na kufanya ukoko mweupe, na chini yake, pale matone yalipokuwa yakingoja kuanguka, palikuwa na mapovu madogo madogo yakitoka bila kukoma, kama kitu kinachopumua. Ndugu yangu alinyoosha mkono wa kushoto, akakishika, akakibana. Ncha yake ilimeguka mkononi mwake kama mkate mkavu. Akasugua vidole, ukadondoka unga.

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda ndani ya kibanda. Mimi nilikuwa karibu na tanuri. Ndugu yangu alinigeukia.

"Hakuna, ulisema."

Nilitazama ule unga miguuni pake.

"Nilikuuliza nikiwa kitandani. Ningekuuliza nini tena?"

"Nilikuwa nataka kukwambia," nikasema.

"Nilisema mbele ya kamati kwamba ni mimi. Nimewaambia watu ni mimi. Mke wangu ananiuliza kwa nini nilikaza mkanda, na ninamwomba msamaha." Sauti yake haikupanda. "Mkono ungekuwa umechukuliwa na mashine tu, ningeuacha uende. Kazi ni kazi."

Baba alisimama, akaichukua ile nyundo kubwa kutoka mahali pake, akaja nayo. Akamnyooshea. Ndugu yangu aliitazama, akalitazama na lile fundo la bandeji mwisho wa mkono wake, akatikisa kichwa. Baba hakunigeukia mimi. Aliirudisha mahali pake, akamwaga maji kwenye moto. Nilisikia mvuke ukipiga kelele, na mpaka leo sijui kama alimwaga kwa hasira au kwa sababu hakukuwa na kazi tena. Moto wa kibanda kile haukuwashwa tena. Baba hakunilaani. Majirani walingoja anilaani, nami nilingoja, na kuna siku niliona heri angefanya hivyo yaishe.

Nilivunja tanuri langu mwenyewe. Baada ya msimu ule ndugu yangu alihamia upande wa Nanyuki na mke wake, akafungua duka la vyakula vya mifugo. Baba alipofariki alikuja mazishini, akasimama upande wa pili wa kaburi. Nyundo ilizikwa pamoja na baba, kwa kuwa hakukuwa na wa kuichukua. Baada ya maziko nilimwendea na mkono nimeunyoosha. Alinipa wa kushoto, kwa adabu, kama anavyowapa wageni, kisha akaenda kutafuta gari.

Nimemwandikia. Nimetuma watu wa kanisa. Anajibu kwamba hana neno na mimi. Huenda ni kweli.

Siku hizi nasikia vyuo vikubwa vimeiweza ile mirija, kwamba wanaichanganya na alumini polepole, kwa moto mdogo, wakiijaribu ndani ya maji na chumvi kabla ya kumpa mtu yeyote. Ninafurahi kusikia. Hainihusu tena.

Kwa kutokuitundika puli ile, na kisha kusema "hakuna," nilimnyima ndugu yangu mkono wake wa kulia na nikaukatisha uhunzi wa kwetu. Lakini mwanzoni nilisema nitaandika lilivyokuwa, kwa hiyo niseme lililonigharimu mimi mwenyewe. Nilikuwa na ndugu mmoja tu, na tangu siku ile sina.